Siku Ulipomponya Baba

Chumba cha Mita,
Idara ya Maji.
Jumatano, asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu Shahidi,

Pokea salamu za dada yako. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na wanangu je, yule mkubwa bado anakohoa akikimbia, na mdogo ameshakubali kulala bila taa? Natumaini wote ni wazima na kazi zako za umeme zinakwenda vizuri. Mimi mwili wangu hauna neno. Nakula, nalala, naamkia kazini. Nimeanza hivi kwa sababu tulilelewa kwa adabu, na salamu ni haki yako hata siku ambayo sina hamu ya kukupa.

Haya, kaa chini sasa. Nimekukasirikia. Nimekasirika hadi jana nilimfokea mteja pale dirishani kwa kosa la kuniuliza saa. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu unanikatiza, na nikikatizwa nasahau nilikuwa na hasira gani. Safari hii utanisikia mpaka mwisho.

Habari za mama ni hizi. Hapandi ngazi tena. Tumemhamishia chini, chumba kile cha cherehani, na cherehani yenyewe tumeiweka ukumbini ambako kila anayepita anajigonga. Birika likijaa hawezi kuliinua. Akitoka kitandani kwenda dirishani anasimama hapo akijifanya anatazama nje, kumbe anatafuta pumzi. Miguu imevimba, viatu vyake havimwingii, anavaa ndala za baba. Ulipokuja likizo alikukimbilia mpaka getini akakunyang'anya begi. Wewe ulimkuta mama yule, sisi umetuachia huyu.

Najua utasema ugonjwa ulikuwepo. Ndiyo, ulikuwepo. Ulikuwepo kabla hujaoa. Mimi na mama tuliambiwa zamani, kwenye benchi la hospitali, kwamba moyo wake umechoka na kwamba daktari mwenyewe haelewi amefikaje pale kwa miguu yake. Mama akamshukuru daktari, akafunga kitambaa chake vizuri, tukatoka. Tulipofika nje akaniambia nisithubutu kumwambia baba. Alisema, "Mwache anishike." Sikumuuliza ana maana gani, maana mtoto wa mchawi haulizi jambo kama hilo.

Utauliza pia kwa nini wewe sikukuambia. Kwa sababu ungesema. Tangu ukiwa mdogo hujawahi kuwa na jambo likalala tumboni mwako. Ulivunja mtungi wa jirani, hakuna aliyekuona, hakuna aliyekuuliza, ukaenda mwenyewe kumgongea mlango ukiwa umebeba vipande. Jina la Shahidi hukupewa bure. Watu walikusifu, nami nilikusifu, na ni kweli ulikuwa mtoto mwema. Lakini kuna siku wema wako unanichosha jamani.

Acha nikukumbushe baba yetu ni nani, maana ama umesahau, ama unajitia hamnazo. Baba si mchawi wa kutisha watoto. Ni mchawi wa kuajiriwa, mwenye kitambulisho cha Idara, aliyetoka asubuhi na chai yake kwenye chupa na kurudi jioni amechoka. Mimi na wewe tukiamini kitu, tunaamini kwa sababu kipo. Yeye akiamini kitu, kinakuwepo kwa sababu ameamini. Kwetu sisi imani ni jicho, kwake ni mkono. Wewe ulimkuta mtu ameshika ukuta usianguke, ukamwambia aachie kidogo arudi nyuma ili autazame vizuri.

Na usiniambie hukujua. Kisa cha bomba la mtaa wetu, wewe ulikuwepo. Bomba lile liliisha kwa kutu sisi tukiwa bado hatujaanza shule, na kila asubuhi baba alipita juu yake, akapiga chini kwa kisigino, akasema bomba zima kabisa hili, na maji yakaja hadi ghorofa za juu. Kisha akaja yule mhandisi mgeni, kijana mpole tu, hakuwa na ubaya. Akafukua. Akamwita baba, akamwonyesha matundu, akaingiza na kidole chake humo ili baba aone. Mhandisi alikuwa sahihi kwa kila neno. Mpaka leo mtaa ule unachota maji kwa ndoo, na wewe ulibeba ndoo hizo, ukawa unanung'unika kuliko sisi wote. Ulikuwa unamwita mhandisi yule mpumbavu. Sasa niambie, wewe umefanya nini tofauti na yeye?

Narudia siku ile, kwa sababu wewe uliondoka kesho yake na hukukaa kuona mwisho wake. Ulimwambia mama mnakwenda kutazama vitambaa. Ukampeleka hospitali. Mama angeweza kukataa, lakini ulikuwa umemshika mkono, na yeye kwako hajawahi kuweza. Mkarudi na ile picha ya moyo wake kwenye bahasha kubwa. Nilikuwa nakunja nguo. Nilipoona bahasha nilikuita jikoni, nikakuita tena, ukasema subiri dada, hili ni muhimu. Ukamwita baba dirishani, ukaishika picha kwenye mwanga, ukapitisha kidole juu yake: hapa pamepanuka, hapa hapasukumi, daktari anasema kwa vipimo hivi mtu huyu hapaswi hata kusimama. Ulisema kwa upole, nakubali. Ulimshika bega. Machozi yalikuwa yanakulenga.

Baba alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akatazama. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe. Baba akageuka kumwangalia, na mimi nilikuwa namtazama baba usoni, ndiyo maana najua dakika yenyewe. Alimwangalia vile watu wanavyomwangalia mgonjwa. Mama akaliweka sinia sakafuni polepole, akakaa kwenye mkono wa kochi. Wewe ukasema, "Mnaona? Alikuwa anajikaza tu." Nilitamani nikurushie pasi.

Wiki ile ulipopiga simu ulinihubiria. Ukasema hukumfanya mama mgonjwa, umesema ukweli tu. Ukasema mtu mwenye akili timamu lazima akubali kilicho mbele yake, na kwamba baba miaka yote hii alikuwa mgonjwa wa akili nasi tukamlea ugonjwa wake, na kwamba sasa angalau amepona. Nilikata simu, nikasema mtandao mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri.

Kweli, amepona. Njoo umwone alivyopona. Amesoma karatasi ya kila dawa. Anajua jina la kila mshipa. Ameweka kiti karibu na kitanda cha mama anamhesabia pumzi, na kila akimuuliza, "Unajisikiaje, mama watoto?" mama anazama kidogo. Nimeona kwa macho yangu. Asubuhi anaamka ana nafuu, anaomba chai, anatania. Baba anaingia na uso ule wa huruma, na rangi inamtoka mama midomoni. Hakuna mume mwenye akili timamu kuliko baba katika mji huu, na akili zake hizo zinamuua mke wake.

Umeme unaoushughulikia wewe haujali unachofikiri juu yake. Ndiyo maana unaupima kwanza, na unafanya vizuri, nami sitaki ufe. Ungekuwa unajali, mafundi waoga wote wangeshakauka. Kanuni yako ni nzuri kwa waya. Uliichukua hivyo hivyo ukaileta kwa mtu ambaye waya unamsikiliza.

Usidhani nasema wachawi waachwe waamini chochote. Mimi si mjinga, na ubaya wake naujua kuliko wewe. Unamkumbuka mchawi wa taa za barabarani, yule aliyemfukuza mbishi wake akisema hana heshima, akamweka mpwa wake wa kuitikia ndiyo mjomba, ndiyo mjomba? Akaanza kuamini kwamba watu wanamcheka. Nao wakacheka. Wakacheka sokoni, wakacheka msibani, watu wameshika mbavu huku wanalia, hawajui wanacheka nini. Binti yake alicheka hadi akashindwa kunyonyesha. Walimhamisha mtu yule mbali na mji, na hakuna aliyekwenda kumuaga kwa kuogopa kumcheka.

Ndiyo maana Idara ilimpa kila mchawi mbishi, mtu wa kukaa naye na kumwambia hapana. Baba alikuwa na Bwana Sikubali, na sidhani kama kuna mtu amewahi kumwudhi baba kuliko yule mzee na njiti zake za kiberiti mdomoni. Baba alipojitia kichwani kwamba meneja anamchukia, meneja maskini alianza kumnunia kila wakikutana, hata mwenyewe hajui kwa nini. Sikubali akabishana na baba kutwa nzima mpaka baba akacheka mwenyewe, na jioni meneja akaja kumpa mkono. Mchawi mwenye akili ni yule ambaye pembeni yake kuna mtu anayeruhusiwa kumkatalia. Kujua kilichopo na kisichopo peke yake hakumsaidii.

Baba alipostaafu, kazi ya mbishi nikairithi mimi, bila barua wala mshahara, na Sikubali alikaa nami akanielekeza. Kuna kosa la kubishia, akasema, na kuna kosa lililobeba nyumba. La kwanza unalikalia kooni mpaka liishe. La pili unafagia pembeni yake, unapita. Mimi nimebishana na baba juu ya jirani aliyemdhani anamwibia maji, juu ya mgongo wake alioudhani umevunjika, juu ya wewe hapo, alipoanza kuamini kwamba umetusahau. Ndiyo, wewe. Nilibishana naye siku nyingi juu yako, ukapiga simu. Lakini asubuhi alipokuwa akisimama chini ya ngazi akisema mke wangu huyu ni mzima kama msichana, nilikuwa nachukua fagio langu na kupita.

Wewe hukuniuliza. Hilo ndilo linalonikata maini. Ulikaa nyumbani likizo nzima, ukatengeneza swichi zote, ukabadilisha na balbu ya choo, ukamwona baba anasema jambo la ajabu kila asubuhi, na haikukupitia kichwani kwamba huenda dada yako anajua kwa nini linaachwa.

Nimejaribu kila njia. Nilimleta Bwana Sikubali, siku hizi anatembelea mkongojo na masikio yamechoka. Alikaa mbele ya baba akaanza kama zamani: hapana bwana, hilo silikubali, shemeji yangu hana ugonjwa wowote. Akabisha mpaka sauti ikakauka. Baba akamsikiliza kwa heshima yote, kisha akamwambia, "Ndugu yangu, ulikuwa unanikatalia nikikosea. Safari hii sijakosea. Nimeiona picha." Sikubali alirudi kwake bila kunywa chai, na kabla ya hapo sijawahi kumwona akikubali kushindwa.

Na lililo baya kuliko yote, baba anajua. Usifikiri hajui. Amefanya kazi hii maisha yake yote, anajua mkono wake ulikuwa umeshika nini na umeachia nini. Anajilazimisha kuamini, anasimama chini ya ngazi asubuhi na kusema maneno yale yale, na sauti inamgeuka katikati. Huwezi kujiamrisha kuamini ulichokiona si kweli, mchawi hawezi kama wewe usivyoweza. Siku hizi anakwenda kukaa nje kwenye kibaraza, mgongo kwa nyumba, ili asimfikirie. Juzi aliniomba nimpeleke kwa watu wengine, mbali, popote. Alisema anajiogopa. Baba yetu, Shahidi. Alilia mbele yangu akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Sikujua nimfanyie nini, nikamletea maji.

Haya, sasa sikiliza ninachotaka. Sitaki pole yako, na dawa zipo, usitume. Nataka uje wewe mwenyewe.

Uje usimame na baba dirishani pale pale, uishike picha ile ile, umwambie si ya mama. Umwambie siku ile watu walikuwa wengi, bahasha zilipishana, ulipofika kwako ukapata wasiwasi, ukauliza, ukaambiwa ni moyo wa mtu mwingine. Ukingo wenye jina la mama nimeshaukata kwa mkasi. Mimi nikimwambia hataniamini, anajua ningesema lolote kumwokoa mama. Bwana Sikubali kazi yake ni kubisha. Mama akisema mimi mzima, ni mama tu huyo, hajawahi kusema vingine. Amebaki mtu mmoja duniani ambaye baba anajua hajawahi kumdanganya hata kwa jambo la mtungi. Maisha yako yote ya kusema kweli, mdogo wangu, ndiyo mali pekee tuliyonayo nyumba hii. Naomba uitumie yote mara moja.

Na usije na uongo mkononi kama mtu aliyebeba yai. Baba atakutazama usoni, na uso wako ni dirisha, tangu utoto tunakusoma. Kwa hiyo kabla hujashuka kwenye basi uwe umeshaamini. Sijui utafanyaje. Jiambie njia nzima. Zungumza na abiria wa pembeni, mwambie unakwenda nyumbani kurekebisha kosa la hospitali, mwambie mama yako ni mzima, msimulie alivyokukimbilia getini. Wewe mwenye akili timamu, naomba uwe na wazimu kwa mchana mmoja. Baba aliubeba wake miaka yote hii na hakuna aliyemshukuru.

Utasema huwezi kumdanganya baba. Fikiri vizuri wewe unayependa kufikiri. Ukishasema, na yeye akiamini, nenda kamtazame mama. Utamkuta anapanda ngazi. Neno lako litakuwa limekuwa kweli kabla hujakaa chini, na hakuna atakayeweza kusema ulidanganya. Utakuwa umewahi tu kidogo.

Mama nimemwambia mpango huu. Ameukataa. Anasema nisikusumbue, utakuja kuteseka moyoni, bora yeye aende zake kuliko wewe ujione mwongo. Anasema pia usijilaumu. Mimi nasema jilaumu, lakini umalizie ndani ya basi. Ukishuka sitaki kuliona hilo usoni mwako.

Nisalimie wifi yangu, na umwombe radhi kwa niaba yangu kwamba nakuchukua ghafla. Wabusu wanangu, uwaambie shangazi yao anawapenda, na yule wa taa aachiwe taa yake ikiwa inampa usingizi, haina ubaya. Bwana Sikubali anakusalimu, anasema bado hakubali. Mama anakusalimu sana, amenituma niandike kwamba hajambo, nami nimeandika. Baba hajakusalimu kwa kuwa hajui kama nakuandikia. Yuko kibarazani.

Mungu akufungulie njia, akupe kiti cha dirishani, na akusamehe uongo huo kabla hujausema.

Wako akupendaye, hata leo,
Dada yako.